Asali Kwenye Mkanda

Mjomba wangu ni seremala, na seremala akipata gari analiona kabati. Hiace yake alinunua kuukuu mwaka 2016, akang'oa viti vya nyuma vyote isipokuwa safu moja iliyo mgongoni mwa dereva, halafu akajifungia nayo uani miezi mitatu. Ilipotoka ilikuwa na kitanda kilichokata upana wote wa gari, droo chini yake, makabati mawili juu usawa wa kichwa, na kijimeza cha kukunja. Vyote vya mninga. Watu wa Tabora wanaujua mninga: ukipigwa randa unanukia nyumba nzima, rangi yake haihitaji kusifiwa, ila ubebe ubao mmoja uone. Watoto wa Isevya walilibatiza gari "Konokono", kwa kuwa linatembea na nyumba yake na pia kwa mwendo.

Makabati hayakuwa na komeo. Mjomba alisema komeo linatia doa uso wa mbao, akaweka visumaku vile vya milango ya kabati la vyombo. Sebuleni vinafaa.

Agosti 2017 kulikuwa na harusi ya ndugu yetu Ujiji, na Mama akaamua twende na Konokono badala ya treni, maana upande wetu ulipangiwa kupeleka asali. Ndoo nne za lita 20. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo 1.4, kwa hiyo kila ndoo ilikuwa na kilo kama 28. Juu ya hizo kulikuwa na gunia la mchele, madumu mawili ya maji, mtungi wa gesi na jiko lake, masufuria ya shughuli, na sanduku la Mama ambalo halikuruhusiwa kulaliwa na kitu chochote. Tulipakia mpaka saa nane usiku. Saa mbili asubuhi tukaondoka, mimi na Mjomba tukiwa na macho mekundu kama ya mganga.

Ndoo zilikaa nyuma kabisa, mlangoni. Sababu ilikuwa uvivu tu: ndipo palipokuwa karibu na mikono. Madumu ya maji yalikuwa juu kwenye keria. Kabla ya Urambo nilianza kuhisi usukani mwepesi, unaugeuza na gari linafikiri kwanza. Kwenye kona lilikuwa linayumba kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani na hajazoea. Nikadhani ni upepo.

Urambo tulisimama kujaza mafuta. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, alilizunguka gari letu akiwa na muhindi wa kuchoma mkononi, akainama, akatazama matairi ya nyuma, akamwambia Mjomba, "Mzee wangu, hili gari limechuchumaa." Kisha akaeleza, bila haraka, huku anatafuna. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inanyanyuka, matairi ya mbele yanakosa mzigo wa kuyabana chini, na hayo ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Maji juu ya paa nayo yanalifanya gari liwe na kichwa kizito. Vizito vishuke chini, vikae katikati ya ekseli mbili. Juu yabaki masufuria.

Tulimtii. Tukashusha madumu, tukahamisha ndoo zote nne mpaka sakafuni kati ya kitanda na kiti cha Mama, na Konokono likakaa sawa kweli. Nakumbuka Mjomba alivyopiga makofi kufuta vumbi mikononi. Katika vyote hivyo kilichokuwa kimefungwa ni mtungi wa gesi peke yake, umesimama wima, koki imekazwa, umebanwa kwa mkanda kwenye mguu wa kitanda, kwa sababu mtungi Mjomba anauogopa. Ndoo hakuziogopa. Nani anaogopa asali?

Niliendesha mimi kupita Kaliua na Usinge mpaka Nguruka, tukafika saa nane mchana. Tukala ugali na samaki wa Malagarasi, tukala vizuri mno. Mjomba akasema, "Mjomba, nenda kalale, sasa zamu yangu." Sisi huitana hivyo, yeye na mimi. Nikapanda kitandani, nikajinyoosha upana wa gari, mbao zinanukia, nikajiona bwana mkubwa.

Mama ndiye aliyekaa kitini, kafunga mkanda. Alikuwa mtu wa mkanda hata kwenye daladala, na tulikuwa tukimcheka.

Ninachosimulia kuanzia hapa sehemu nimeambiwa. Tulivuka daraja la Malagarasi. Wakati ule lami ilikuwa haijaungana, kipande cha kutoka huko kwenda Uvinza kilikuwa vumbi na rasta, ule mtikisiko unaoanza kukera na baadaye unakubembeleza. Ilikuwa saa tisa na nusu, saa ambayo mwili hata wa mtu aliyelala usiku kucha huomba kulala, sembuse wa mtu aliyepakia ndoo mpaka saa nane na akashiba ugali. Mjomba mpaka leo anasema hakulala, alifumba tu. Gari la kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Kufumba kwake kwa sekunde tatu ni mita 50, nusu ya uwanja wa mpira, na mwisho wa hiyo nusu kulikuwa na ng'ombe.

Mama alipiga kelele moja: "We mtoto wa mama!" Mjomba akafumbua, akakanyaga breki kwa miguu miwili.

Gari lilisimama. Vilivyokuwa ndani havikuwa na habari hiyo. Nilishtukia niko hewani, sielewi juu wala chini, kisha kijimeza kikanipokea kwa uso. Milango ya makabati ilifunguka yote kwa pamoja na visumaku vyake, birika likapita juu ya kichwa cha Mama likapasua kioo cha mbele kwa ndani. Ndoo moja iliteleza sakafuni ikagonga mgongo wa kiti, mfuniko ukaruka, na asali ikamwagika taratibu. Kila kitu kingine kilikuwa kimeshatulia, vumbi linashuka, ng'ombe wa mwisho anavuka bila kutuangalia, na asali bado inaingia chini ya kiti, haina haraka na mtu. Damu yangu ilikuwa inadondokea humo humo.

Mama alifungua mkanda, akageuka, akaniona sakafuni katikati ya ndoo. Akamwambia mdogo wake, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko ile kelele, "Mtungi umeufunga. Mtoto wangu umemwacha hivihivi."

Nimelifikiria sana neno lile. Nilikuwa na kilo 70. Kati ya mizigo yote mle ndani nilikuwa wa pili kwa uzito baada ya gunia la mchele, na ndio niliowekwa juu kabisa, juu ya ubao laini, bila hata kamba. Kama ningekuwa nimelala kichwa kikielekea mbele nisingekuwa naandika haya.

Tulitaka kukaa tupumue lakini hatukupewa nafasi. Ile ni nchi ya miyombo na mizinga. Asali ikimwagika, wenyewe wanapata taarifa. Nyuki walianza watano, halafu hatukuhesabu tena. Mjomba akaliondoa gari, vioo vimepandishwa, kioo cha mbele kina ufa kama utando wa buibui, tukaenda kilomita kadhaa kwa mwendo wa mguu mpaka penye kivuli. Nilikuwa nimebana kanga ya Mama kwenye nyusi.

Pale kivulini alitukuta mwendesha baiskeli, mzee wa Kiha, na magunia matatu ya mkaa nyuma. Akasimama, akatupa pole, akachungulia ndani, akasikitika kwanza kwa ajili ya asali. Mimi nilikuwa naitazama baiskeli yake. Ametoka mbali kwenye rasta zilezile na magunia yake hayakuwa yamesogea hata kidole. Yalifungwa kwa mipira ya tyubu iliyokatwa vipande virefu, kila mpira umevutwa mpaka umegoma, umepita chini ya chuma, ukapanda kwa mshazari na kukutana na mwenzake juu.

Alikuwa na mipira ya akiba. Aliisogeza ndoo moja mpaka ikagusa nyingine, zote zikaegemea mguu wa kitanda, akaniambia nijaze nguo katikati ya zilizobaki na mwanya. Kisha akafunga, mpira ukishika chini kwenye vyuma vya kiti. "Sukuma," akasema. Nikasukuma. "Si hivyo. Sukuma kama unagombana nayo." Nikagombana nayo, ikakaa. Makabati akayafunga kwa kupitisha mpira kwenye vishikio, na Mjomba, fundi, alisimama pembeni anatazama mninga wake ukifungwa kwa tyubu ya baiskeli. Hakusema neno. Baadaye nilijifunza kuwa kwa gari mpira si mzuri, mzigo mzito ukirushwa unauvuta, afadhali mkanda usionyumbuka. Lakini siku ile ulitufikisha.

Mama akachukua uongozi. Mjomba alipewa kahawa ya chupa, kikombe kimoja, akaamriwa alale dakika ishirini pale pale kitini gari likiwa limezimwa. Kahawa hukawia kuingia, ukiinywa kabla ya usingizi mfupi inakuamsha yenyewe. Sijui Mama alilitoa wapi hilo, ila ilikuwa hivyo. Mimi nilikaa kando yake, mkanda kifuani. Uvinza nilishonwa nyuzi tano, tukalala hapo, gari limesimama, ndipo tukakitumia kitanda. Ujiji tulifika kesho yake na ndoo tatu, na maelezo marefu.

Mjomba aliweka komeo za chuma zilizotokeza nje kama pua, mbaya kweli. Mwaka 2021 akaliuza Konokono kwa kijana wa Nzega. Wiki mbili baadaye kijana akanipigia mimi, maana Mjomba simu yake haipokei: gari zuri, kaka, halina tatizo, ila pale unapochomeka mkanda wa kiti cha kati ukishaingia hautoki, na kila asubuhi pana sisimizi.

Nikamwambia achemshe maji.