Wali wa Mama Ulioishia Getini

Mwaka 2015 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana mkoani Morogoro. Kipindupindu kilikuwa kimelipuka Dar es Salaam mwezi wa nane, na haikupita muda kikaingia Morogoro. Kampeni za uchaguzi mkuu zilikuwa zimepamba moto, magari ya vyama yanapita na muziki kutwa nzima, na sisi ndani ya uzio habari yetu ilikuwa moja tu: ugonjwa. Matroni alizunguka vyooni kila jioni na ndoo ya dawa. Maji ya bomba yalitoka kwa mgawo. Ya kunywa tulichemshiwa jikoni, na aliyechelewa foleni alikunywa ya bombani hivyo hivyo.

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, mstarini, mkuu wa shule alitangaza kwamba Jumapili wazazi watakuja kama kawaida, ila hakuna chakula cha nyumbani kitakachovuka geti. Kilichopikwa, kibichi, kikavu, chote. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza kipindupindu. Ya pili, chakula cha nyumbani kinawagawa wanafunzi, wenye nacho na wasio nacho.

Ya kwanza niliielewa pale pale. Ya pili iliniuma, na mpaka leo siikubali. Mwenzangu wa deka, yeye chini mimi juu, kwao ni Kigoma. Tangu kidato cha kwanza hakuwahi kutembelewa, kwa nauli ile nani angekuja? Mama alikuwa anamjua kwa jina na alifunga visheti mafungu mawili, langu na lake. Jumapili za kutembelewa hotpoti zilifunguliwa chini ya miembe, na asiye na mgeni aliitwa na mwenye mgeni. Usiku bwenini karanga zilipita kitanda hadi kitanda. Kama kuna kitu kilitugawa ni kile kibanda cha biashara kilichokuwa ndani ya shule, ambapo mwenye hela alikula keki na juisi na asiye na hela alipita mbali.

Tuliambiwa wazazi watapigiwa simu. Mama hakupata taarifa. Kijijini kwetu Muheza umeme ulikuwa bado, simu yake kitochi ilichajiwa dukani, na mara nyingi ilishinda imezimwa. Kwa hiyo Jumapili ile aliamka saa tisa usiku, akakuna nazi, akapika wali, akakaanga changu, akapanda basi la asubuhi. Segera, Mkata, Chalinze, pale akabadili gari. Saa saba mchana akawa getini na hotpoti ile kubwa nyekundu, mfuko wa visheti na kiroba cha machungwa.

Mimi nilikuwa upande wa ndani wa geti, nimemwona tangu anashuka kwenye bodaboda. Pale mlangoni palikuwa na meza, ndoo yenye koki, sabuni, mwalimu wa zamu na bwana afya wa kata. Mama alinawa mikono vizuri, mpaka kwenye viwiko, kama anatia udhu. Kisha akaweka hotpoti mezani na kuifungua mwenyewe. Mvuke haukutoka.

“Samahani mama yangu,” mwalimu akasema, “chakula hakiingii. Ni agizo.”

“Nimepika kwa mkono wangu, mwalimu.”

Mwalimu akarudia kwamba ni agizo. Hapo bwana afya, mzee wa makamo, akavuta kiti akamkaribisha mama akae, akamuuliza amepika saa ngapi. Mama akamwambia. Yule mzee akahesabu kwa vidole, yakafika karibu masaa kumi. Akamweleza taratibu kwamba hata bila kipindupindu, wali uliokaa uvuguvugu muda wote huo si salama, kwa sababu kuna vijidudu vinavyostahimili kupikwa, vinazaliana wali ukiwa wa vuguvugu, na sumu yake haiondoki hata ukiupasha upya. Nazi nayo inachacha upesi. Akamwambia pia kwamba kipindupindu kinapita kwenye maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa choo, na kwamba ndani ya basi mkono wa mama umeshika mengi asiyoyajua.

Mama alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Kisha akasimama, akasema, “Nimekuelewa, baba. Shimo liko wapi?”

Walikuwepo wanafunzi wawili wa adhabu wenye kazi ya kumwaga. Mama hakuwapa. Alibeba hotpoti mpaka shimoni, akaumwaga wali, akaikung'uta, akatupia wale changu mmoja mmoja, kisha akachukua koleo akafukia kwa chokaa. Nilikuwa nalia. Yeye hakulia.

Aliporudi mezani akaonyesha visheti na machungwa. Bwana afya akasema hivyo havina neno: visheti ni vikavu, vimekaangwa na kufungwa vizuri, na chungwa zima lina ganda lake, lioshwe kwa maji safi na mlaji anawe kabla ya kumenya. Mwalimu wa zamu akatikisa kichwa. Agizo limesema chote. Bwana afya akajaribu tena, akaambiwa yeye ni mgeni pale. Kiroba kikarudi Muheza na mama, na hatukupewa zaidi ya nusu saa ya kuongea, tumesimama, nondo za geti katikati yetu.

Saa ile ile, hatua chache nyuma yangu, kibanda kilikuwa kinauza matikiti yaliyokatwa vipande na juisi kwenye jagi lisilo na kifuniko. Mama aliliona jagi. Aliliangalia kwa muda, halafu akaniuliza maji yale yamechemshwa na nani. Sikuwa na jibu.

Februari 2016 kikaitwa kikao cha wazazi. Mama alikuja mikono mitupu, akaketi nyuma. Wanafunzi wachache wa kidato cha nne tuliruhusiwa kuingia kupanga viti, ndiyo maana nilimsikia. Zamu ya maswali ilipofika alinyoosha mkono.

“Sijaja kudai wali,” akasema. “Bwana afya alinieleza kwa nini wali wangu haufai, nikaumwaga mwenyewe. Machungwa yangu hakuna aliyenieleza. Tuandikieni kinachodhuru, sisi hatutakibeba. Na juisi ya pale ndani nayo muiandike.”

Mzazi mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Mkuu wa shule alijibu kwa heshima, na hoja yake ilikuwa na uzito: walimu wa zamu ni wawili, vifurushi ni mamia, nani atakagua kimoja kimoja? Kukataza vyote ni rahisi kusimamia. Mama akasema wazazi watatoa watu wanne kila Jumapili ya kutembelewa wakae mezani na walimu. Mzee mmoja wa Kilosa akaongeza kwamba wanaotaka watoto wao wale wali wachange mchele na mafuta, upikwe siku hiyo hiyo kwenye jiko la shule.

Mwezi wa tatu karatasi ikabandikwa getini. Karanga, visheti, kashata, sukari na matunda mazima, ruhusa. Chakula kilichopikwa, maziwa na juisi, marufuku, na marufuku hiyo iliandikwa kwamba inahusu kibanda pia. Mwenye kibanda alilalamika wiki mbili akatulia.

Pilau ya mchango ilipikwa Jumapili ya kutembelewa iliyofuata, ikapakuliwa kwa wote, aliyetembelewa na asiyetembelewa. Mwenzangu wa Kigoma alijipanga foleni na sahani yake kama mtoto mwingine yeyote, na mama alikuwa upande wa pili wa sufuria, ameshika upawa, anamwuliza kama anataka ukoko.