Haya

Jumapili, saa nne usiku

Nimerudi Dar tangu jana jioni, lakini kwa kweli bado niko Ngamiani, Tanga, jikoni kwa mama, Alhamisi usiku, na sahani yangu iko mikononi mwake. Harusi imepita salama, Baba Nasra amerudi kutoka Mwanza, ofisini wamenipa ile nafasi niliyokuwa nikiiandika hapa tangu mwezi wa pili, yote ndani ya wiki moja, na yote naona yamepita pembeni. Nililobaki nalo ni neno la herufi nne.

Ilikuwa hivi. Tulifika na Nasra Magharibi ikiadhiniwa, tumechoka na ile foleni ya Kibaha. Mama alikuwa jikoni tangu adhuhuri. Alipika changu wa kupaka, yule anayechomwa kwanza juu ya makaa halafu anapakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili. Wali wa nazi. Bamia. Na mkate wa kumimina pembeni, umefunikwa kwa kawa. Nikakaa mkekani, nikaanza na samaki. Tangu nipasuliwe tumbo miezi sita iliyopita ili nipungue uzito, natafuna mpaka tonge linakuwa uji mdomoni, naweka kijiko chini, nangoja, ndiyo nachukua jingine. Kwenye kijiko cha tano au cha sita dalili yangu ikaja: pua ikaanza kuchuruzika na kifua kikabana hapa katikati. Hapo ndipo mwisho. Kijiko kimoja zaidi ya hapo na usiku mzima unaharibika, nimeshajifunza.

Mama akanyanyua sahani. Wali ulikuwa kama alivyoupakua, hata alama ya upawa ilikuwa bado inaonekana juu yake. Akautazama, akaniuliza:

"Basi mie nikupikie nini siku hizi?"

Nikasema, "Usihangaike, mama. Usinipikie kitu."

"Haya."

Akaifunika sahani kwa ile kawa, akaisogeza ukutani, akaanza kumuuliza Nasra habari za shule.

Ni hayo tu. Hakupandisha sauti, hakununa, asubuhi alinisalimia vizuri. Lakini haya zetu zina sura nyingi na mimi nimelelewa na za mama, nazijua. Kuna ya kuamsha watu safari ianze. Kuna ya kumkubalia mtu bei. Kuna ile anayoivuta, haaaya, akingoja uone mwenyewe matokeo ya ukaidi wako. Hii ilikuwa fupi, imeshuka mwishoni, kama mtu aliyetua ndoo. Nimeirudia barabara nzima kutoka Tanga. Baba Nasra ananiambia mama amechoka tu na shughuli. Sidhani.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua huyu ni mama gani. Ametusomesha watoto wanne kwa vitumbua, akiamka saa tisa usiku kusaga mchele aliouloweka. Hana maneno mengi ya mapenzi. Ukifika anakuuliza umekula, ukiondoka anakufungia chakula cha njiani. Huyo ndiye niliyemwambia asinipikie kitu.

Tangu jana naandaa jibu ambalo nilitakiwa kulitoa. Ningemwambia, mama, nipikie samaki yuleyule, ila nimtangulize yeye, wali uje mwisho. Tumbo langu la chakula limekatwa zaidi ya robo tatu, lililobaki ni jembamba mfano wa ndizi, na likitangulia kujaa wali, samaki hana pa kukaa. Mtaalamu wa lishe ameniandikia protini gramu 60 kwa siku, zisipungue. Yai moja lina kama gramu 6. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na kidogo. Ukipiga hesabu hiyo kwa mtu anayekula vijiko sita kwa mkao mmoja, unaona kwa nini siwezi kuanza na mkate wa kumimina, hata uwe wa mama.

Ningemwambia pia asinisukumie bilauri ya maji nikiwa nakula. Maji nakunywa nusu saa baada ya chakula, funda kwa funda, na chupa yangu ya lita moja na nusu natembea nayo tangu asubuhi kwa sababu siwezi tena kunywa bilauri nzima kwa mara moja. Ukisubiri kiu kwa joto la huku kwetu, jioni umeshakaukiwa na kichwa kinagonga.

Na ningemwambia lile ambalo nadhani ndilo gumu kwake. Sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Kwa hiyo naweza kupita mchana mzima sijasikia njaa. Nakula kwa kutazama saa. Kwa mama, mtu asiyesikia njaa ni mgonjwa, hakuna tafsiri nyingine.

Ijumaa nayo haikusaidia. Baada ya nikah pilau ilitoka kwa masinia, wanawake watano watano. Sinia ndiyo shida yangu kubwa kuliko hoteli yoyote, kwa sababu mikono ya wenzako inakuvuta, unajikuta unakwenda mwendo wao. Nilichofanya, na nitakifanya tena, ni kukaa sinia la mabibi. Wao meno yamekwisha, wanakula taratibu, wanachambua nyama nyuzi kwa nyuzi, hakuna anayekuhesabia matonge. Nilikwenda vizuri kabisa mpaka mtu akaniuliza swali, nikamjibu huku nameza.

Likakwama. Waliofanyiwa wanaijua hali hii. Siyo kupaliwa, pumzi inakwenda, lakini tonge limesimama katikati ya kifua, mate yanajaa mazito kama povu, na kila mtu anataka kukupa maji. Msinywe maji. Yanakaa juu ya tonge na maumivu yanazidi. Nilitoka nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye mpapai, nikainama, nikangoja. Dakika 20 hivi likarudi lenyewe, nikalifukia mchangani kwa mguu. Nilipoinua kichwa mama alikuwa mlangoni kwa jikoni, ameshika upawa, ananitazama. Hakuja. Akageuka akaingia ndani.

Hapo ndipo nilipoamini kabisa kwamba amenikasirikia. Kwamba anaona nimekwenda kununua ugonjwa kwa pesa zangu, na sasa natapikia pilau ya harusi ya mjukuu wake mchangani. Nimelia garini, Nasra amelala siti ya nyuma.

*

Nilikuwa nimefika hapo, dada akapiga simu. Nilidhani ni habari za maharusi.

"Mama amekuuliza kwangu," akasema. "Anataka kujua una ugonjwa gani."

Nikamwambia sina ugonjwa.

"Mie najua. Yeye hajui. Alikikuta kitana chako bafuni kimejaa nywele. Kakuona unarudisha chakula kule nyuma. Kaona sahani. Tangu jana hajala vizuri, anasema yule mtoto ana kitu anatuficha."

Nimekaa na simu mkononi sijui dakika ngapi. Siku tatu natafsiri haya ya mama kwa ghadhabu, kumbe mwanamke yule alikuwa ameshika sahani ya wali akihesabu: mwanangu amekonda, nywele zinamtoka, hali chakula, anatapika. Miaka yote ile mtaani kwetu tumeona watu wa namna hiyo, na tumewazika.

Na ana haki. Mnakumbuka nilimficha. Nilimpigia siku ya tatu baada ya upasuaji, nikiwa tayari nimetoka, kwa sababu niliogopa akinikataza nitamtii. Zile wiki mbili za supu ya kuchujwa na maziwa, kisha za vyakula vya kusaga, Baba Nasra ndiye aliyesimama na blenda. Mama kila akipiga alikuwa anaambiwa nimekula vizuri. Kuna dada msomaji ameniandikia kuuliza aandae nini akishapangiwa tarehe ya upasuaji. Nilikuwa nimwambie anunue blenda na mizani ndogo ya jikoni. Anunue, lakini kabla ya hapo amkalishe chini yule anayempikia amwambie kila kitu, mwenyewe, kwa mdomo wake.

Nikampigia. Mama halali kabla ya saa tano, anasikiliza redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujalala?"

"Bado. Mama, siumwi."

Nikaisikia redio tu, muda mrefu.

"Lile ulinificha," akasema. "Hili nitajuaje?"

Sikuwa na jibu la hilo na sina mpaka sasa. Nikaona nimwambie yote, mpaka yale ambayo hakuuliza. Nikaanza na nywele: mwili ukipasuliwa kisha ukapungua haraka, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na kuanzia kama mwezi wa tatu zinadondoka. Zinarudi zikipewa protini na madini ya chuma. Mimi niko mwezi wa sita, na damu nimepimwa wiki tatu zilizopita, iko vizuri. Nikamwambia nilikuwa kilo 128, leo 94. Daktari amenipunguzia dawa ya presha nusu, yeye mwenyewe, si kwamba nimejiamulia.

"Mie wanipandishia, weye wakupunguzia," akasema. Sauti ilikuwa imelegea kidogo.

Nikamhesabia vidonge. Multivitamini asubuhi. Vitamini B12. Kalsiamu pamoja na vitamini D, na chuma mbali nayo kwa muda wa saa mbili, kwa sababu vikikutana tumboni kimoja kinamzuia mwenzake asiingie mwilini. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia maisha yangu yote, na kupima damu pia maisha yangu yote. Akanyamaza tena. Nilijua litamuuma, lakini usiku huu sikutaka kupunguza kitu.

Nikamwambia na la goti, kwamba mwezi uliopita nusura nichomwe sindano ya kutuliza maumivu, diklofenaki, kwenye kituo kimoja cha afya, mhudumu alishaivuta dawa, nikawahi kusema nimekatwa tumbo na daktari amenikataza dawa za jamii hiyo, zinaweza kunitia vidonda. Sasa natembea na karatasi kwenye pochi imeandikwa upasuaji niliofanyiwa, tarehe, na dawa nisizopewa. Ikitokea nimezimia, karatasi itasema. Mama akaniambia nimtumie nakala aiweke kwenye msahafu wake.

La Ramadhani ndilo nililoliogopa. Daktari amesema mwaka wa kwanza nisifunge, kwa sababu maji siwezi kuyafidia usiku, na nitalipa siku zangu baadaye akiniruhusu. Nilidhani atasema kitu. Akasema mgonjwa ana ruhusa yake. Kisha akajirekebisha mwenyewe, "Si mgonjwa. Aliyepasuliwa."

Nimelishika hilo. Aliyepasuliwa.

Mwishoni akaniuliza, "Sasa wali unaoweza ni kiasi gani?"

"Vijiko viwili, mama. Mwisho, nafasi ikibaki."

"Vya chai au vya mezani?"

"Vya mezani."

"Na tui?"

"Jepesi. Zito linanichafua moyo, kama sukari tu. Nikila kitu kitamu sana jasho linanitoka na moyo unakwenda mbio, inabidi nilale."

Akasema kitu hapo. Nadhani alisema haya. Redio ilikuwa juu, taarifa ya habari imeanza, sikuweza kuisikia ilivyoishia, na nilipotaka kumuuliza akawa ameshaniaga.

Nitakwenda Tanga tena mwisho wa mwezi, peke yangu, bila harusi. Nimeshamwambia Baba Nasra.

Saa tano na robo sasa. Mzee wetu wa getini anakohoa tena. Hii ni wiki ya tatu. Mwanzoni alisema vumbi la hawa wanaojenga jirani, na mimi nikakubali kwa kuwa hata Nasra alipiga chafya siku zile. Lakini mafundi wameondoka tangu Jumatatu na kikohozi kimebaki, tena cha usiku, na leo asubuhi aliponifungulia geti nimeona shati linamning'inia mabegani. Kikohozi kikipita wiki mbili mtu apimwe makohozi, hilo liko kwenye mabango ya kila zahanati. Ana wajukuu wawili analala nao chumba kimoja. Nimemuuliza Baba Nasra nani atashika geti kesho akienda kupima, hajanijibu, amelala. Nimemsikia mzee tena sasa hivi, ametoka kwenye kibanda, anakoholea upande wa ukuta ili asituamshe.