Asumini za karatasi kwa kadi za Idi: wiki ya tatu

Kadi 9 ziko tayari kati ya 24 ninazotaka kuwapelekea ndugu na jamaa sikukuu ya Idi. Wiki iliyopita zilikuwa 14, lakini 5 nimezibandua maua baada ya kumwonyesha shangazi.

Alivaa miwani, akaigeuza kadi moja huku na huku. "Mwanangu, mbona yote yamechanua? Asumini ya kutunga huchumwa alasiri, ingali tumba. Usiku ndipo inapofunguka." Tangu nipate akili namwona akitunga makoja na vikuba, yaani mashada na vifungu vidogo vya maua ya kunukia, kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Nilikuwa nimetengeneza ua ambalo hakuna mwanamke wa mtaani kwetu angelitia kwenye nywele.

Sasa kila kadi ina ua moja lililochanua na matumba mawili. Tumba halinisumbui: kipande chembamba cha karatasi, sentimita 3, nakizungusha kwenye shazia (sindano kubwa), nabana ncha, natia tone moja la gundi.

Ua lililochanua ndilo lililokula jioni zangu. Nilichambua moja la kweli, nikalaza petali zake juu ya karatasi na kuzichora. Nakata matabaka mawili ya petali tano tano, la juu dogo kidogo, kisha nayapishanisha. Karatasi ni ile ya kawaida ya printa, gramu 80. Karatasi ngumu ya manila nimeiacha, maana ukiipinda inakatika mstari mweupe. Na kazi yote iko kwenye soli ya kandambili kuukuu! Natandika petali juu yake, nasugua kwa mgongo wa kijiko cha chai, polepole, kwa mduara. Soli inabonyea, karatasi inaifuata, na petali inainuka kingo zenyewe. Mara ya kwanza nilipoiona ikiinuka nilimwita mdogo wangu aje atazame.

Gundi nyeupe naipaka kwa kijiti cha meno, na katikati ya ua tu. Ikizidi, kwa unyevu huu wa pwani haikauki upesi na kadi inajikunja.

Rangi ya kadi nilianza na maji ya bizari ya manjano. Ilipendeza mno, ila kadi niliyoisahau dirishani ilikuwa imepauka baada ya siku chache za jua. Nimehamia chai ya rangi iliyokolea. Inatoa hudhurungi tulivu na nyeupe ya asumini inaonekana vizuri zaidi juu yake.

Hofu yangu kubwa ilikuwa bahasha. Kadi ni A5 iliyokunjwa mara moja, inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6, lakini je, ua litafika salama? Jumatano nilitia moja ndani, nikaiwekea kamusi juu usiku kucha. Asubuhi petali zilikuwa zimelala. Nikaziinua kwa ncha ya sindano moja moja, zikasimama, kwa sababu hazikugundishwa pembeni.

Zimebaki 15. Ya shangazi naiacha ya mwisho, kwani yake itakuwa na koja zima: matumba 20 yaliyotungwa kwa uzi. Kesho alasiri naenda kwake, ameahidi kunionyesha anavyofunga fundo.