Nilivyoiwezesha programu yangu kutambua vipande vinavyopandana

Mafundi wa Kibuye, hapa Kisumu, hununua plaiwudi ya futi nane kwa nne, yaani milimita 2,440 kwa 1,220, na kila pembe inayotupwa ni pesa. Fundi mmoja wa makochi aliniomba programu ya kupanga vipande kwenye skrini kabla msumeno haujagusa bodi. Nilitumia Python, lugha ya kuandikia programu, na Tkinter, zana yake ya kuchora madirisha na maumbo kwenye skrini, kwa kuwa zinafanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta kuukuu aliyo nayo. Kuchora hakukunisumbua. Kazi ilikuwa kipande kikiburutwa kwa kipanya, programu ijue kama kimempanda mwenzake. Tkinter ina amri ya kutafuta vitu vilivyoguswa na eneo fulani, lakini eneo lenyewe lazima liwe mstatili ulionyooka.

Nilianza na sanduku. Umbo lolote, hata likiinama vipi, unaweza kulizungushia mstatili ulionyooka: chukua x ndogo na kubwa kabisa, kisha y vivyo hivyo. Masanduku yasipogusana, maumbo yaliyomo hayawezi kugusana. Yakigusana, bado huna jibu. Mikono ya makochi ya huyu fundi ni trapeza, na ukizilaza mbili, moja ikitazama juu na nyingine chini, mishazari yake hulingana na bodi huokoka sana. Sanduku huona mgongano hapo. Programu inayokataa mpango mzuri hivyo haimfai fundi.

Jibu nililipata kwenye kanuni ya kivuli. Chukulia vipande viwili vimemulikwa kutoka upande mmoja na vivuli vyake vikaanguka ukutani. Ukipata upande hata mmoja ambao vivuli vinaachana, vipande havigusani. Ukiukosa, vimepandana. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba pande za kujaribu ni chache, maana zinatoka kwenye kingo za maumbo yenyewe. Ukingo ukienda (dx, dy), yaani dx kwa mlalo na dy kwa wima, mwelekeo wa kupimia ni (-dy, dx). Kwa kila pembe ya umbo unazidisha x kwa namba ya kwanza na y kwa ya pili, unajumlisha; jumla ndogo na kubwa kabisa ndizo ncha za kivuli. Mistatili miwili huhitaji mielekeo minne pekee, kwa sababu kingo zinazotazamana ni sambamba. Mwanya wa kwanza ukionekana, hesabu inakoma papo hapo.

Nilipomwonyesha trapeza mbili zimekaa bega kwa bega, aliniuliza, “Kijana wangu, na msumeno utapita wapi?” Msumeno wake hula kama milimita 3. Niligawanya kila mwelekeo kwa urefu wake ili mwanya wa vivuli uwe milimita halisi, nikadai usipungue 3. Sanduku la kipande kinachoburutwa nalo nililipanua kwa kiasi hicho kila upande. Vivuli haviwezi kuachana zaidi kuliko vipande vyenyewe, kwa hiyo kipimo hiki hakipitishi nafasi finyu. Pale pembe inapoelekeana na pembe huweza kudai nafasi zaidi kidogo ya inayohitajika, na hilo nimeliridhia. Vipimo vyote vinahifadhiwa kwa milimita. Pikseli ni za kuchorea tu.

Kanuni hii ina sharti: umbo lisiwe na kona inayoingia ndani. Fundi hukata pia vipande vya L vya kabati za kona, na kwenye ile kona ya ndani ndipo hupenda kuchomeka kijipande. Kivuli hakilioni pengo hilo. Kwa hiyo L nimeigawa mistatili miwili ndani ya programu. Mmojawapo ukiguswa, L nzima inageuka nyekundu kuonyesha mgongano. Meza za duara ni rahisi zaidi zikikutana zenyewe kwa zenyewe: jumla ya nusu-vipenyo pamoja na 3 isizidi umbali kati ya vitovu. Nalinganisha vipeo vya pili, nisihangaike na kipeuo.

Kasi haikunitesa. Bodi ya vipande 40 ina jozi 780, ila wakati wa kuburuta kinasogea kimoja tu, basi zinapimwa jozi 39, na sanduku huziondoa nyingi kabla vivuli havijahesabiwa. Jozi zote hupimwa pale tu anapochapisha mpango wa kukata.