Nilienda kushinda kesi nikarudi na makubaliano
Jamani leo nimemaliza ile ishu ya deni la mabati, milioni 4.8, jamaa alikuwa ananizungusha tangu mwaka jana. Nikafungua kesi ya madai, nikajua sasa ni moja kwa moja kwa hakimu namwaga ushahidi. Wapi! Akishaleta utetezi wake (anapewa siku 21) mnapelekwa kwanza kwenye usuluhishi, siku 30 tu, na usipotokea bila sababu ya maana mdai kesi yako inaweza kufutwa, kwahiyo msidharau ile tarehe.

Wakili wangu aliniambia kitu kimoja, usiende na hasira nenda na karatasi. Nikaprinti meseji zote za WhatsApp na miamala ya M-Pesa, daftari la dukani nikalibeba lilivyo na madoa ya chai. Msuluhishi akatutenganisha, akaniuliza tukiwa wawili tu, "unataka hela au unataka aaibike?" Nikanyamaza kama dakika nzima, maana ukweli nilitaka vyote.

Kumbe na jamaa naye alikuwa na lake, bati 12 zilifika zimekunjamana na sijawahi kumjibu simu 🙈. Nikapunguza laki sita, 4.2 iliyobaki atalipa miezi sita, laki saba kila mwezi. Tumesaini, mahakama imesajili, akikwepa naenda kukazia tu (yaani mahakama imlazimishe kulipa) kama hukumu nyingine.

Awamu ya kwanza imeingia saa kumi.