Nimeshika besi ya Precision leo

Nimetoka mazoezi ya kwaya sasa hivi, hapa Mwanjelwa. Vidole bado vinawaka.

Miaka sita napiga besi ya kanisani, gitaa la mtindo wa Jazz Bass: shingo nyembamba, pikapu mbili za kunasa mlio. Naijua hata gizani. Leo kaka mmoja wa Uyole kaja na besi yake ya Fender Precision, akanipa: "Shika, mdogo wangu, usiogope."

Jamani!

Shingo imejaa kiganja chote. Kidole changu cha mwisho kimehangaika kweli.

Nikagusa uzi wa E, ule mnene. Mara moja tu, taratibu.

Benchi nililokalia likatetemeka. Mama mmoja wa sauti ya pili akaacha kuimba, akageuka kuangalia spika.

Yangu inatamka. Kila noti unaisikia, hasa ukifungua pikapu ya nyuma, ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Ile ya kaka inasukuma. Pikapu yake imegawanywa vipande viwili, mpangilio wa tangu 1957, na haina ule mvumo wa umeme unaotoka kwenye yangu nikipunguza pikapu moja.

Kwa sebene bado nachagua yangu, nyuzi zinakimbilika. Lakini kwenye pambio la taratibu, watu wamefumba macho... mpaka saa hizi ule uzi nausikia kifuani.

Wapiga besi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe: nyie mnapigia ipi? Na kuna mwenye Precision wa kuniazima hata Jumapili moja?