Lebo ya bia ya nyumbani: kabla hujaibandika, fikiria itatokaje

Watu wengi tunaopika bia nyumbani lebo huwa tunaikumbuka mwisho kabisa, bia ishaingia kwenye chupa, vizibo vishagongwa, ndo mtu anafungua Canva anaanza kuchagua fonti. Sawa tu. Ila nikimuona mtu anaenda kununua yale makaratasi ya stika yenye gundi kali namuonea huruma, mana najua kitakachofata, mwezi ujao atakuwa kasimama kwenye sinki anakwangua gundi kwa kisu huku anasonya. Sisi wa nyumbani chupa tunazirudia jamani. Chupa hiyohiyo leo ina stauti, ile bia nyeusi, ikiisha inaoshwa inaingia bia ya ngano, krismasi inawekwa kitu kingine. Kwahiyo mimi lebo naiangalia kwanza inatokaje, uzuri baadae.

Gundi ninayotumia ni maziwa. Sitanii. Maziwa ya kawaida ya dukani, na yale yaliyotolewa mafuta ndo mazuri zaidi, kwasababu kinachoshika pale ni protini ya kaseini, mafuta hayasaidii kitu, na hiyo kaseini mafundi mbao wameitumia kama gundi miaka mingi tu. Unamimina kidogo kwenye kisosi, unachukua brashi, unapaka nyuma ya karatasi kiasi tu isilowe chapachapa, unaiweka kwenye chupa kavu ambayo haijatoka kwenye friji, alafu unaikandamiza kwa kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote itoke, maziwa yaliyochuruzika pembeni unayafuta palepale. Mwanzoni karatasi itajikunja kunja utadhani umeharibu, iache, ikikauka inajivuta inanyooka yenyewe. Harufu hamna, ni utando mwembamba sana. Siku ya kuosha unaitumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu unaenda kunywa chai yako, ukirudi lebo inaelea.

Kutoa lebo za kiwandani ndo kuna kazi, na zipo za aina mbili. Zile za karatasi na gundi ya maji zinatoka zenyewe ukiziloweka usiku kucha kwenye maji ya moto na soda ya kufulia, hiyo soda ni sodiam kaboneti, ileile inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya, kwahiyo usiiogope jina. Aina ya pili ni stika za plastiki, hizi maji hayazifanyi kitu, unaibandua halafu inabaki gundi inanata kwenye vidole, hapo unapaka mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na soda ya kuokea unaacha kidogo unasugua. Mimi siku hizi chupa ya aina hiyo siichukui hata kama ni ya bure. Nachukua za kahawia tu, na hilo sio la urembo: mwanga wa jua unaharibu vile vitu vinavyotoka kwenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) bia inaanza kunuka vibaya, chupa ya kijani au nyeupe haizuii mwanga kama ya kahawia, hata uibandike lebo nzuri vipi.

Haya tuje kwenye printa, hapa watu wanabishana sana. Printa ya wino wa maji inatoa rangi nzuri kweli, lakini chupa ikitoka kwenye friji inatoka jasho, na jasho likigusa ule wino jina lote linachuruzika mpaka chini. Printa ya leza haitumii wino wa maji, inatumia unga wa plastiki unaoyeyushwa na joto ukagandia kwenye karatasi, kwahiyo maji yakipita hauondoki. Kama nyumbani una ya wino tu, weka dizaini kwenye flashi upeleke steshenari wakutolee kwa leza, karatasi za A4 chache tu zinatosha chupa zote maana A4 moja inabeba lebo kadhaa.

Kabla ya kudizaini pima chupa. Kata ukanda wa karatasi uzungushe, chupa ya mililita 330 ya shingo ndefu mzunguko wake unakaribia sm 19, na mtu akiishika anaona vizuri kama theluthi moja tu ya huo mzunguko. Maana yake jina la bia likae ndani ya sm 6 hivi, ukilitandaza zaidi ya hapo msomaji itabidi aizungushe chupa ndo amalize neno. Na urefu wa lebo uishie pale chupa inapoanza kupinda kwenda mabegani, ukipita hapo karatasi lazima ikunjane, hakuna ujanja. Picha nayo iwe kubwa ya kutosha, ukitaka lebo ya upana wa sm 9 itoke safi unahitaji pikseli kama 1,060 kwa upana, na tafadhali usitumie picha uliyotumiwa WhatsApp kama picha, inakuwa imeshaminywa, mwambie aliyekutumia aitume kama dokumenti.

Kuhusu uchoraji wenyewe, ushauri wangu ni umbo moja tu. Wale watengeneza bia Bass wa Burton, hapa Uingereza, waliandikisha pembetatu yao nyekundu 1876, ndo alama ya biashara ya kwanza kabisa kuandikishwa Uingereza, pembetatu tu hakuna zaidi, na mchoraji Manet alipochora baa ya Paris 1882 zile chupa unazitambua mpaka leo kwasababu ya hiyo pembetatu. Au chukua Tusker, tembo mweusi kwenye njano, unaiona toka ng'ambo ya baa. Sasa wewe lebo yako umeweka mlima, simba, mtungi, shada la hopsi na jina la ukoo kwa fonti ya kadi ya harusi, nani atasoma? Na alama za watu usizichukue ukabadili herufi moja, hata kama ni utani.

Usuli mweusi unapendeza ila ukikata karatasi kingo zinabaki nyeupe zinaonekana vibaya. Dawa yake: panga lebo zote pamoja zibane vizuri, pitisha makapeni nyeusi kwenye kingo za rundo zima mara moja, kwisha.

Majina hapo nakuachia, kila mtu na raha yake. Stauti yangu inaitwa Masizi. Ile ya ngano inaitwa Ngoja Ngoja, na chini yake nimeandika kwa herufi ndogo "huumiza matumbo", mana ukiifungua kabla gesi haijakaa sawa utakunywa maji matamu. Cha lazima kuandika ni tarehe ya kujaza chupa na namba ya mpiko. Kama mpiko mmoja ulizidishiwa sukari chupa zinaweza kupasuka, na bila hiyo namba utajuaje utoe zipi kabatini? Kilevi pia andika, hesabu yake rahisi: uzito wa mwanzo (yani uzito wa bia ukilinganisha na maji, kabla haijachachuka) toa wa mwisho (ikishachachuka) zidisha na 131.25, yani ikianza 1.050 ikaishia 1.010 unapata kama asilimia 5.25. Hapa Uingereza bia ya kunywa mwenyewe haihitaji leseni tangu 1963 alimradi huiuzi, kwahiyo hakuna atakayekuja kukagua lebo, ila unapompa mtu zawadi mwambie kuna shayiri, kuna ngano, na kama ni ile stauti ya maziwa kuna laktosi, yani sukari ya maziwa, wapo ambao tumbo haliwasamehi. Ongeza na "mimina taratibu, mashapo yabaki chini", mgeni asiyejua ataitikisa kama juisi.

(Usiyekunywa pombe, haya yote yanafanya kazi kwenye chupa za tangawizi, ukwaju na pilipili ya kusaga, na pilipili ndo inahitaji onyo kubwa zaidi.)

Kitu kimoja maziwa hayawezi ni ndoo ya barafu. Kwenye shughuli, chupa zikikaa kwenye maji ya barafu muda mrefu lebo zote zitaachia. Kwa siku hiyo nakata kadi ngumu natoboa tundu navalisha shingoni, unaivalisha wakati wa kugawa. Na chupa zangu za kila siku wala hazina lebo, naandika herufi moja kwenye kizibo kwa makapeni, M ni Masizi, N ni Ngoja Ngoja. Lebo ni za wageni, na za shemeji yangu anayefungua friji bila kuuliza.